Maumivu ya selimundu yanapozidi: wakati wa kwenda hospitali na mambo ya kufanya ukifika

Mtu anayeishi na selimundu anayajua maumivu yake. Amelala nayo, amekwenda nayo shuleni na kazini, na mara nyingi ameyatuliza nyumbani kwa dawa, maji na kitambaa chenye joto. Swali gumu huja usiku ule ambao dawa za kawaida zimeshindwa: tusubiri kukuche, au tutafute bodaboda sasa hivi?

Familia nyingi katika kaunti yetu ya Kilifi zimejiuliza swali hilo. Selimundu imeenea zaidi katika maeneo ya Kenya ambayo malaria imekuwapo kwa vizazi vingi, yaani Pwani na magharibi mwa nchi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua maumivu yanayoweza kutulizwa nyumbani na yale yasiyopaswa kusubiri, mambo ya kubeba, maneno ya kumwambia muuguzi, na haki aliyonayo kila mkazi anapofika kwenye kitengo cha dharura, ambacho wengi wetu tunakiita kazualti.

Maumivu haya hutoka wapi

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huzaliwa nao anapopokea chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe huenda wasiwe na dalili yoyote. Ikiwa wote wawili ni wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo moja, yaani asilimia 25, wa kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Si laana, si mapepo, wala si kosa la mama.

Chembe nyekundu za damu za mtu asiye na ugonjwa huu ni laini na za mviringo, hivyo hupita kwa urahisi hata kwenye mishipa myembamba. Za mwenye selimundu hupinda zikafanana na mundu, na ndipo jina lilipotoka. Huwa ngumu, hunatana na kuziba mishipa. Sehemu ya mwili iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni, na hapo maumivu huanza: mgongoni, kifuani, tumboni, mikononi au miguuni. Kwa watoto wachanga dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba kwa viganja na nyayo. Wagonjwa wengi huita hali hii kraisisi.

Mara nyingine kraisisi huja bila sababu inayoonekana. Mara nyingine huchochewa na upungufu wa maji mwilini, baridi, kazi nzito, msongo wa mawazo, malaria au maambukizi mengine. Kwa hivyo mtoto aliyecheza mpira juani bila kunywa maji, au aliyenyeshewa na kukaa na nguo mbichi msimu wa kipupwe, anahitaji kuangaliwa kwa karibu siku hiyo na inayofuata.

Hatua za kwanza nyumbani

Maumivu yakianza na hakuna dalili yoyote ya hatari kati ya zile tutakazozitaja, anza hivi:

Mpe mgonjwa maji au vinywaji vingine visivyo na pombe, kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Uji mwepesi na maji ya dafu pia vinafaa.

Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa kliniki, kwa kipimo alichopewa. Kwa wengi huwa ni parasetamoli. Dawa za aina ya ibuprofeni au diklofenaki zitumiwe tu ikiwa daktari wake ameziruhusu, kwa sababu zinaweza kuumiza figo, na figo za mwenye selimundu huwa tayari zina mzigo. Usichanganye dawa mbili zenye parasetamoli ndani yake. Soma karatasi au muulize mwenye duka la dawa.

Tumia joto. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kiasi na kukamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, husaidia. Usiweke barafu. Baridi hubana mishipa na kuongeza maumivu.

Mpumzishe, mfunike, na uandike saa. Andika maumivu yalianza saa ngapi, dawa gani ilitolewa na saa ngapi. Kikaratasi hicho kitakuwa na thamani kubwa baadaye.

Dawa ikishapata muda wa kufanya kazi na maumivu yakawa bado yanapanda, au mgonjwa akashindwa kunywa, kulala au kutembea, usirudie dawa ile ile kabla ya wakati wake ukitumaini muujiza. Ni wakati wa kwenda hospitali.

Dalili ambazo hazisubiri

Nenda mara moja, hata kama ni saa nane za usiku, ukiona mojawapo ya haya:

• Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Bandama ya mwenye selimundu, ambayo wengine huiita wengu, huharibika mapema utotoni, na bila kiungo hicho mwili hushindwa kupambana na baadhi ya vijidudu. Homa inayoonekana ndogo inaweza kuwa maambukizi ya damu yanayoua kwa saa chache. Kama huna kipimajoto na mwili unachoma, chukulia kuwa ni homa.

• Maumivu ya kifua, kikohozi kipya au kupumua kwa shida. Mapafu yanaweza kuwa yameathirika, na hali hii ni miongoni mwa zinazoua zaidi wenye selimundu.

• Udhaifu wa ghafla wa mkono au mguu wa upande mmoja, mdomo kwenda upande, kushindwa kuongea vizuri, degedege, kupoteza fahamu au kichwa kuuma kupita kawaida. Hizo ni dalili za kiharusi, na kiharusi humpata hata mtoto mdogo mwenye ugonjwa huu.

• Tumbo kuvimba ghafla, hasa upande wa kushoto chini ya mbavu, pamoja na mtoto kupauka na kulegea. Damu inaweza kuwa imejikusanya kwenye bandama. Wazazi wafundishwe kliniki jinsi ya kuipapasa.

• Kupauka kwa viganja, midomo na ndani ya kope, au macho kuwa ya manjano kuliko ilivyo kawaida yake.

• Uume kusimama kwa maumivu kwa zaidi ya saa mbili. Wavulana na wanaume wengi huona haya kulisema hili. Wakichelewa, madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Wahudumu wanaijua hali hii, na hawatakushangaa.

• Kuona giza ghafla, kutapika bila kukoma, au maumivu yoyote makali kwa mama mjamzito mwenye selimundu.

Dalili moja tu inatosha. Usisubiri ziwe mbili.

Uende wapi

Zahanati na vituo vya afya vina kazi yake: kupima malaria, kutoa huduma ya kwanza na kuandika rufaa. Ikiwa zahanati iko karibu na hospitali iko mbali, pitia hapo ili mgonjwa apate dawa ya kwanza huku usafiri ukitafutwa. Lakini dalili za hatari zilizotajwa hapo juu zinahitaji hospitali yenye maabara, oksijeni, damu na madaktari, kama Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kilifi, au hospitali za Malindi na Mariakani. Tuseme uko Bamba au Marafa na mtoto ana homa na kifua kinabana: mwombe mhudumu wa zahanati apige simu mbele ili mpokewe mkiwa mmetarajiwa. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako pia anaweza kukusaidia kupata ambulensi. Nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199.

Mgonjwa mwenye dalili za kiharusi au anayepumua kwa shida asipakiwe katikati kwenye pikipiki ikiwa kuna gari lolote linaloweza kupatikana kwa haraka. Zungumzeni na jirani mwenye gari au tuktuk kabla ya siku ya dharura, mjue atawabeba kwa masharti gani.

Mambo ya kubeba

Weka bahasha au mfuko mmoja karibu na mlango wenye:

• Kadi au kitabu cha kliniki ya selimundu.
• Orodha ya dawa anazotumia kila siku, na dawa zinazomdhuru kama zipo.
• Kundi lake la damu na kiwango chake cha kawaida cha damu, kama kimeandikwa kliniki.
• Kitambulisho cha mzazi au cha mgonjwa, na uthibitisho wa usajili wa SHA.
• Kile kikaratasi cha saa na dawa ulizotoa nyumbani.
• Chupa ya maji na shuka au sweta. Vyumba vya kusubiri huwa na baridi usiku.

Kiwango cha kawaida cha damu kinahitaji maelezo. Wengi wenye selimundu huishi na damu iliyo chini kuliko ya mtu mwingine, na mwili umezoea. Daktari asiyemjua mgonjwa anaweza kushtuka na kufikiria kumwongeza damu. Akijua kwamba mwezi uliopita kiwango kilikuwa hicho hicho, ataamua vizuri zaidi. Maumivu peke yake, bila damu kushuka au matatizo mengine, kwa kawaida hayatibiwi kwa kuongezwa damu.

Mbele ya muuguzi wa mapokezi

Kwenye kitengo cha dharura, anayetangulia kuhudumiwa si lazima awe aliyetangulia kufika. Muuguzi hupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Maneno yako ya kwanza ndiyo yatakayomsaidia kupanga, kwa hivyo anza na jina la ugonjwa, kisha dalili ya hatari, kisha dawa. Kwa mfano:

“Sista, mtoto wangu ana selimundu. Maumivu ya miguu yalianza jana saa moja jioni. Nimempa parasetamoli saa mbili usiku na saa nane usiku, hazikusaidia. Tangu alfajiri ana homa na anasema kifua kinauma. Kadi yake ya kliniki ni hii.”

Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, nayo yana kila kitu muuguzi anachohitaji. Kama mgonjwa ni mtu mzima, eleza pia tofauti ya leo: “Maumivu yangu ya kawaida huwa mgongoni na huisha kwa siku mbili. Haya ni ya kifua, na sijawahi kuyapata.” Ukiulizwa maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, toa jibu la kweli. Kumi ni maumivu makali kabisa unayoweza kuyafikiria. Kwa mtoto mdogo, mzazi aeleze anachoona: hataki kuguswa, hachezi, hanyonyi.

Nenda na mtu wa pili ikiwezekana. Mwenye maumivu makali hawezi kujibu maswali, kufuata foleni ya maabara na kukumbuka maagizo kwa wakati mmoja.

Utarajie nini

Mhudumu atapima joto, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na kiwango cha oksijeni kwa kifaa kinachobanwa kidoleni. Damu itachukuliwa kupima malaria na wingi wa damu. Kama kuna dalili za kifua, picha ya eksirei inaweza kuhitajika. Mwenye homa huanzishiwa dawa za kuua vijidudu mapema.

Dawa ya maumivu haipaswi kungoja majibu yote ya maabara. Mwongozo wa Chama cha Hematolojia cha Marekani wa 2020 unapendekeza mgonjwa mwenye kraisisi apate dawa ya maumivu ndani ya saa moja tangu kufika, kisha apimwe tena kila baada ya dakika 30 hadi 60 mpaka atulie. Ikiwa muda huo umepita na mgonjwa bado analia, mwendee muuguzi kwa heshima: “Sista, samahani, imepita saa moja na bado hajapata dawa. Maumivu yamepanda.” Hali ikibadilika ukiwa kwenye foleni, kwa mfano akianza kuhema au kulegea, usingoje kuitwa. Sema papo hapo.

Kwa maumivu makali daktari anaweza kutoa mofini au dawa ya jamii hiyo. Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto atakuwa mraibu. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ikitolewa hospitalini kwa kipimo sahihi, kwa maumivu halisi, chini ya uangalizi, ni tiba. Wahudumu huangalia kupumua na usingizi wa mgonjwa kwa sababu dawa hiyo ikizidi inaweza kupunguza pumzi. Uliza maswali yako yote, lakini usikatae dawa kwa hofu ya mitaani.

“Mbona hafanani na mgonjwa?”

Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha maumivu. Mapigo ya moyo yanaweza kuwa ya kawaida, na damu pia, huku mtu akiumia vibaya. Aliyeishi na maumivu tangu utotoni hujifunza kunyamaza, kuangalia simu au kulala kimya ili avumilie. Ukimya wake usichukuliwe kuwa nafuu. Na anayekuja hospitali mara kwa mara huja kwa sababu ugonjwa wake hurudi mara kwa mara. Akitaja kwa jina dawa inayomsaidia, ni kwa sababu ameitumia mara nyingi, na kujua huko kusimfanye ashukiwe kuwa anatafuta ulevi.

Jambo hili linatuhusu sote. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi aache kujifanya, mwajiri anayehesabu siku za kukosa kazi, na jirani anayesema “huyu naye kila siku” humsukuma mgonjwa kukaa nyumbani mpaka hali ishindikane. Aliyewahi kudharauliwa hospitalini husita kurudi, na kusita huko ndiko kunakogharimu maisha. Kitabu cha kliniki kikionyeshwa mapema, mhudumu mpya wa zamu ya usiku naye anapata ushahidi wa kumsaidia kuamua.

Haki yako kisheria

Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, sehemu ya 7, inaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kupanga rufaa pale kituo kisipoweza kumtibu. Kituo chenye uwezo kikikataa kutoa huduma hiyo, kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Sheria hii inavihusu vituo vya umma na vya kibinafsi. Kwa hivyo kukosa pesa mkononi au kutolipa mchango wa bima si sababu ya kurudishwa mlangoni ukiwa katika dharura.

Haki hiyo haimaanishi kwamba hakutakuwa na gharama baadaye, na ndiyo sababu usajili wa bima ni muhimu kabla hujaugua. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 1, 2024. Unaweza kujisajili kwa kupiga *147# kwenye simu yako, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali ya maisha yake, kisha hupangiwa mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisha watoto wako wote wameongezwa kama wategemezi. Wengi hugundua kuwa jina la mtoto halimo wakiwa tayari dirishani.

Usiporidhika na huduma, anza na muuguzi msimamizi wa zamu, kisha msimamizi mkuu wa hospitali, kisha Idara ya Afya ya kaunti. Malalamishi kuhusu vituo na madaktari hupokewa pia na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Andika tarehe, saa na yaliyotokea.

Kabla ya kurudi nyumbani

Usiondoke hospitali bila kujua mambo manne: dawa gani utumie nyumbani na kwa siku ngapi, dalili gani zikurudishe, tarehe ya kliniki, na karatasi ya maelezo ya kulazwa au kutibiwa. Kraisisi inaweza kurudi siku chache baada ya kutoka, kwa hivyo mgonjwa asikimbilie shamba au shule siku ya pili.

Dharura hupungua kwa ufuatiliaji wa kliniki. Watoto wadogo hupewa penisilini ya kuzuia maambukizi mpaka wafikishe miaka mitano. Kuna chanjo, dawa ya kukinga malaria, foliki asidi na chandarua. Kuna pia haidroksiyuria, dawa ya kumeza kila siku inayopunguza kupinda kwa chembe za damu. Kaunti yetu ina sehemu katika historia ya dawa hiyo Afrika: Kilifi ilikuwa moja ya vituo vinne vya utafiti wa REACH, pamoja na Luanda, Kinshasa na Mbale. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2019 kutokana na watoto 606, yalionyesha kwamba matukio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, na malaria na vifo vikapungua pia. Haidroksiyuria haitulizi maumivu ya usiku huu, na inahitaji damu kupimwa mara kwa mara. Mwenye selimundu ambaye hajaelezwa kuihusu aulize kliniki, na mwanamke anayetarajia kupata mimba azungumze na daktari kwanza.

Kwa wenye maumivu mengine ya kudumu

Wakazi wenye maumivu ya mgongo, baridi yabisi au maumivu ya saratani wanaweza kufuata utaratibu huu: andika saa na dawa, beba kadi, eleza tofauti ya leo. Mwenye mgongo aende haraka ikiwa miguu imekufa ganzi au kulegea, ikiwa hawezi kuzuia au kutoa mkojo au choo, au ikiwa ana homa. Mwenye kiungo kimoja kilichovimba, chekundu na cha moto pamoja na homa, asingoje tarehe ya kliniki.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, tafuta bahasha hiyo. Tia kadi ya kliniki, orodha ya dawa na kitambulisho, andika juu yake nambari ya jirani mwenye gari, na umwonyeshe kila mtu mzima wa nyumba mahali inapokaa.